Fahamu Uoni wa Pembeni: Kinga Yako Barabarani

Mtu anayesubiri kuvuka barabara mjini Ruiru anaweza kutazama mbele na bado akatambua bodaboda inayokuja kutoka ubavuni. Huo ndio uoni wa pembeni. Upana wake hutegemea umbo la uso na jinsi macho yalivyokua.

Macho huanza kuumbwa takriban wiki ya nne ya mimba, yakiwa kwenye pande za kichwa. Uso unapoumbika, husogea mbele. Kwa hiyo binadamu hukadiria umbali vizuri, lakini haoni karibu pande zote kama mbuzi, ambaye macho yake yako ubavuni.

Jicho moja likitazama mbele huona takriban digrii 100 kuelekea sikioni, lakini 60 tu kuelekea puani, kwani pua huzuia. Juu huzuia mfupa wa nyusi, na chini shavu. Funika jicho moja na utaiona pua yako. Kwa kawaida ubongo huipuuza. Macho yote mawili kwa pamoja hufikia takriban digrii 180 au zaidi kidogo.

Mtoto mchanga huona eneo dogo, nalo hupanuka haraka katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo, kukadiria mwendo wa gari huchukua miaka mingi kujifunza. Mshike mtoto mkono na umfundishe kugeuza kichwa kulia na kushoto, kwa sababu uoni wa pembeni hutambua kitu kinachosogea bila kukionyesha waziwazi. Kofia ya jaketi pia huziba pembeni; ivue kabla ya kuvuka. Kwenye Barabara Kuu ya Thika, tumia daraja la waenda kwa miguu.

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kwa kawaida hula uoni wa pembeni kwanza, mara nyingi bila maumivu. Mgonjwa anaweza kuanza kujigonga milangoni au kushtushwa na magari. Uoni uliopotea haurudi, lakini matibabu ya mapema huokoa uliobaki. Wenye umri wa zaidi ya miaka 40, au walio na ndugu mwenye glakoma, wanashauriwa kupimwa macho mara kwa mara. Wakazi wa Thika na Ruiru waanzie kituo cha afya kilicho karibu ili waelekezwe kwa mtaalamu wa macho.