Hati ya Tambiko

Aurelius Diogenes alikuwa mzee wa miaka 72, mkazi wa kijiji kimoja cha Fayum, Misri, mwenye kovu kwenye unyusi wa kulia. Habari zake zimehifadhiwa katika hati ya mafunjo. Juni 250 alifika mbele ya kamati ya matambiko, akaimiminia miungu kinywaji, akaonja nyama ya kafara, kisha akaomba maofisa wathibitishe kwa maandishi.

Aliyeamuru hayo ni Kaisari Decius, aliyetwaa madaraka mwaka 249. Wavamizi wa Kigothi walikuwa wakivuka mto Danube, na makaisari walipinduana mmoja baada ya mwingine. Kwa Warumi, dola lilisimama kwa fadhila za miungu. Anayesusa tambiko anawaponza wote. Zaidi ya hati 40 za aina hiyo zimepatikana Misri, na mojawapo ni ya kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba. Hata yeye alidaiwa uthibitisho!

Wakristo walikuwa wameshatiliwa shaka zamani. Hawakuonekana kwenye sherehe za miungu, na wengi walikataa nyama iliyotoka madhabahuni. Mnamo mwaka 112 gavana Pliny, kule Bithynia, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba nyama ya kafara ilikuwa karibu imekosa wanunuzi. Trajan alijibu kwamba Wakristo wasisakwe, ila wakishtakiwa na wakakataa kutambika, waadhibiwe. Decius hakungoja mashtaka.

Fabian, askofu wa Roma, alikufa Januari 250. Cyprian wa Carthage alijificha, akawaongoza waumini wake kwa barua. Masimulizi ya enzi hizo huwaenzi mashahidi wa imani, nao wanastahili. Lakini wapo pia waumini waliokuwa na hofu, watoto na mashamba. Wengi walikimbilia madhabahuni bila kuburutwa. Wengine waliwahonga maofisa, wakapata hati pasipo kutambika.

Msako ulikuwa umelegea kabla Decius hajauawa vitani mwaka 251. Ndipo Wakristo walipogeukiana: aliyenunua hati akaribie tena meza ya Bwana? Mkutano wa maaskofu wa Carthage mwaka huo uliamua arudishwe baada ya shauri lake kuchunguzwa. Waliotambika kweli waendelee na toba, wapokelewe wakikaribia kufa. Novatian, padri wa Roma, aliona huo ni ulegevu. Alitaka walioanguka wasipokelewe kamwe, akajifanya askofu wa Roma dhidi ya Cornelius, askofu mpya wa mji huo, na Kanisa la Novatian likadumu karne kadhaa.