Je, Wajua? Kesi ya Jarida la Oz

Mwaka 1971, wahariri watatu wa Oz, jarida la London lililosemea utamaduni mbadala, yaani maisha ya vijana waliokataa maadili na siasa za wazazi wao, walishtakiwa kwa sababu ya toleo namba 28, lililohaririwa na wanafunzi wa sekondari. Richard Neville, Jim Anderson na Felix Dennis waliachiwa shtaka la kula njama ya kupotosha maadili ya umma, ambalo lingeweza kuwafunga maisha, lakini walitiwa hatiani kwa kuchapisha maandishi machafu. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba walinyolewa nywele zao ndefu gerezani hata kabla ya kusomewa adhabu, kitendo cha udhalilishaji kilichoamsha hasira kubwa nchini Uingereza. Neville alipewa kifungo cha miezi 15. Mahakama ya rufaa ilitengua hatia hiyo ya uchafu, ikieleza kuwa jaji alikuwa amewaelekeza vibaya wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua hatia. Na mwaka 1977 baadhi ya maofisa wa kikosi cha polisi kilichosimamia sheria hiyohiyo ya maandishi machafu walifungwa kwa kupokea rushwa kutoka kwa wauzaji wa picha za ngono.