Kwa nini pilipili inachoma na chuku inatuliza

Anayekula mishikaki mtaani Buyenzi, Bujumbura, akaongeza pilipili bila hesabu anajua kitakachomkuta: ulimi unawaka, jasho linamtoka, kamasi zinachuruzika. Ajabu ni kwamba ulimi haujaungua hata kidogo. Ndani ya pilipili mna kapsaisini, kemikali inayonasa kwenye protini fulani iliyo katika ncha za neva, ileile inayoamka mwili unapoguswa na joto la zaidi ya nyuzi 43 hivi. Ubongo unaletewa habari moja tu: moto. Mmarekani David Julius na wenzake waliitambua protini hiyo mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba.

Mtu anaweza, basi, kuumia bila kujeruhiwa, na hilo limewashughulisha waganga tangu zamani. Ibn Sina, yapata miaka 1,000 iliyopita, aliorodhesha aina 15 za maumivu, kwa kuwa maumivu ya kuchoma si ya kukata, wala ya kukata si ya kupwita. Huku kwetu Maziwa Makuu mgonjwa wa mgongo au kichwa aliumikwa: mganga anamchanja chale, anabandika chuku ya pembe ya ng'ombe, anafyonza kwa kinywa kupitia tundu la nchani, kisha analiziba. Wapo wanaoumikwa hadi leo, na wengine huapa kwamba wanapata nafuu.

Huenda hawasemi uongo. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama lango: neva za mguso zikisisimka, habari za maumivu hupita kwa shida. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti hulisugua. Lakini nafuu ya muda si tiba ya ugonjwa, na wembe uliochanja mtu mwingine unaweza kukupa homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Hapo sina la kumtetea mganga.

Upasuaji ulikuwa mtihani mkubwa zaidi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, akapasuliwa uvimbe shingoni. Nusukaputi ikaanza kuenea duniani. Bunyoro, Uganda ya leo, walikuwa na njia yao. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko mama akizalishwa kwa kupasuliwa. Mama huyo alinyweshwa pombe ya ndizi, ndugu wa urwarwa wetu wa Burundi, hadi akalewa nusu. Pombe hiyohiyo ikamwosha tumbo, ikaosha na mikono ya mganga. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, jeraha likafungwa kwa pini saba za chuma na nyuzi za gome la mti. Siku ya kumi na moja lilikuwa limepona. Ulaya ya wakati huo, wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa.

Uganda hiyohiyo ina funzo jingine. Tangu 1993, shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na daktari Anne Merriman, huwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, wanywe nyumbani kwao. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Hakuna mashine humo, ni unga, maji na sheria yenye akili, na sioni kwa nini mgonjwa yeyote wa ukanda huu aikose.

Kwa maumivu ya kawaida, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli ya miligramu 500 kwa saa 24, kwa sababu ini huharibika kimyakimya. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Na maumivu yakipita miezi mitatu, usirudi famasi kununua yaleyale: nenda kituo cha afya, ueleze yanaanzia wapi, yanachoma au yanapwita, na usiku yanakuacha ulale au la.