Kuumia ndani ya teksi Johannesburg: haki ipo, lakini ina tarehe

Teksi za Johannesburg hazina makanga. Nauli hutoka kiti cha nyuma, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa aliyekaa mbele ubavuni mwa dereva, na huyo ndiye anayehesabu pesa na kurudisha chenji. Siku moja ya Agosti 2023 aliyekaa mbele nilikuwa mimi, mwalimu wa hesabu mstaafu kutoka Mombasa, na nilikuwa najionea fahari kidogo kwamba robo saa nzima sijamdhulumu mtu hata randi moja.

Niwafahamishe kwanza nyie mlioko Maskati, Dubai na Doha. Teksi kule si gari la kukodi mtu peke yake. Ni matatu yetu, daladala ya ndugu zetu wa Tanzania: gari la watu kumi na tano na dereva wa kumi na sita. Ukitaka kwenda mjini unasimama kando ya njia na kunyoosha kidole cha shahada juu. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani watu wanatoa shahada.

Nilikwenda kwa sababu binti yangu alikuwa amejifungua. Yeye na mumewe wanakaa Mayfair, na tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini siku 90 kwa mwaka bila kuomba viza, kwa hivyo sikuwa na kisingizio. Siku hiyo nilikuwa natoka mjini kwenda Yeoville kumtembelea mtu wetu. Yeoville ndiko waliko Wakongo wengi, na ukipita soko la Rockey Street unasikia Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu mpaka unasahau uko wapi. Sikufika. Roboti, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani kule, ilikuwa nyekundu. Dereva hakuiona, au hakutaka kuiona. Pikapu ikatuingia upande wa kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa mimi, mkononi nina pesa za abiria watatu wa nyuma.

Nilivunjika mtulinga, na nyonga ikapasuka. Dereva wetu alitoka akatembea, akapotea katika watu. Kijana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa akivuja damu puani, ndiye aliyepiga picha: namba ya teksi, namba ya pikapu, roboti yenyewe, na mimi niliyelala chini na buibui langu. Akaniomba simu, akamtumia binti yangu picha zote kwa WhatsApp. Jina lake sikulijua mpaka leo. Namuombea dua kila nikishika bakora yangu.

Siku ya tatu wodini akaja bwana mmoja aliyevaa suti, anajua jina langu, anajua na kitanda changu. Akaniita "mama" kwa upole, akasema anatoka kwa wakili, nitalipwa pesa nyingi, kazi yangu ni kutia sahihi tu. Nikatia. Mimi, niliyefundishwa na masista katika skuli ya misheni kwamba karatasi usiyoisoma ni mtego, kisha nikawafundisha watoto wa watu jambo hilohilo miaka 31. Dawa ya maumivu ilikuwa imenilewesha, lakini nisijitetee sana. Nilitia sahihi kwa sababu nilikuwa mgeni, nimelala, na mtu amezungumza nami vizuri.

Nikarudi Mombasa na mkongojo. Mwaka ukapita. Simu ya wakili yule ikawa inapokelewa mara moja katika mara tano, kisha haipokelewi kabisa. Binti yangu alipokwenda ofisini akakuta wauza mapazia.

Hapo ndipo tulipoanza kusoma wenyewe, na niliyoyajua ndiyo nataka muyajue, kwa sababu najua mna wana na wajukuu wanaosoma na kufanya biashara kule.

Afrika Kusini humshtaki dereva. Ukiumia mwili kwa kosa la dereva, anayelipa ni Mfuko wa Ajali za Barabarani, ambao kila mtu huuita RAF, ulioanzishwa kwa sheria namba 56 ya mwaka 1996. Pesa zake hutoka kwenye mafuta: mwaka nilioumia mimi, kila lita ya petroli iliyouzwa nchini ilikuwa na randi 2 na senti 18 za Mfuko ndani yake. Tangu tarehe 1 Agosti 2008 sheria imefunga mlango wa kumdai dereva au mwenye gari fidia ya mwili. Kwa hivyo ile habari tuliyoizoea Ghuba, ya kukaa na kampuni ya bima ya aliyekugonga, au wazee wa pande mbili kukutana wakazungumza diya, kule haipo. Mlango ni mmoja, na una foleni.

Kosa la dereva lazima lithibitishwe. Lakini abiria ana nafuu, maana aliyekaa kitini hakuendesha kitu. Yagongane magari mawili, akionekana dereva mmojawapo ana kosa japo asilimia moja, abiria ana dai lake kamili. Na dereva akiwa hana leseni, au teksi haifai hata kubeba mbuzi, haki ya abiria haipungui.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani abiria wa namna yangu alikuwa na kikomo cha randi 25,000 hata akikatika miguu. Wanawake watatu walilipeleka jambo hilo mahakamani, na Februari 2011 Mahakama ya Katiba ikasema kikomo kile ni ubaguzi, kwa kuwa wanaopanda teksi kwa wingi ni watu weusi wasio na magari yao. Hukumu hiyo hujulikana kwa jina la Mvumvu. Niliisoma usiku mmoja, nikajiona nami nimo.

Sasa tarehe. Gari likijulikana, dai lifikishwe kwenye Mfuko ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Gari likikimbia bila kujulikana, miaka miwili tu. Na ukishafikisha dai, kama hamjasikizana, kesi ifunguliwe kabla ya miaka mitano tangu ajali. Ndiyo maana nikasema namuombea kijana yule. Picha ya namba ya gari, zile namba zinazoishia na herufi GP za mkoa wa Gauteng, ndiyo iliyonitoa kwenye miaka miwili ikaniweka kwenye mitatu. Wakili wa suti alikuwa hajapeleka kitu. Tulipogundua, miaka miwili ilikuwa imeshapita. Bila ile picha ningebaki na mkongojo wangu na hadithi.

Karatasi zenyewe si za kutisha. Fomu kubwa huitwa RAF 1, na ndani yake mna sehemu inayojazwa na daktari aliyekutibu au hospitali. Taka ripoti ya polisi ya ajali na namba yake. Weka nakala ya faili la hospitali, risiti za dawa, za mkongojo, hata za teksi za kwenda kliniki. Weka vielelezo vya kipato chako. Mimi nilidhani mstaafu hana kipato cha kupoteza, nikasahau tuisheni nilizokuwa nikiwapa watoto wa mtaani jioni, ambazo kwa nyonga hii siwezi tena kusimama kuzitoa. Nina daftari la malipo yao tangu 2019. Masista walitufundisha kuandika kila senti.

Ukitaka kulipwa na maumivu yenyewe, iko fomu nyingine, RAF 4. Daktari hukupima akasema mwili wako wote umepungua kwa asilimia ngapi. Ukifika 30 jeraha huhesabiwa kuwa kubwa; usipofika, bado daktari anaweza kueleza kwamba jeraha limekuachia kilema kikubwa cha muda mrefu. Nilicheka daktari aliponieleza. Maisha yangu nimetoa asilimia kwa karatasi za watoto, leo natiwa asilimia mimi.

Swali ambalo kaka yangu wa Maskati alikuwa akiniuliza kila Ijumaa: "Wewe si raia, watakulipa kwa lipi?" Ni swali la haki. Sheria ya 1996 inasema Mfuko utamfidia mtu yeyote, haikusema raia. Lakini mwaka 2022 Mfuko ulitoa maagizo kwamba mgeni athibitishe alikuwa nchini kihalali siku ya ajali. Wageni wakaenda mahakamani, na Machi 2024 Mahakama Kuu ya Pretoria ikayatengua maagizo hayo, katika kesi iitwayo Mudawo. Msilale lakini. Septemba 2023 ilitolewa rasimu ya sheria ya kuwaondoa kabisa wasio raia wala wakaazi wa kudumu. Rasimu si sheria, ila inaonyesha upepo unavuma kutoka wapi. Mwambieni mtoto wenu akigongewa muhuri kwenye paspoti aupige picha siku hiyohiyo, hata kama leo hautakiwi.

Jambo jingine nalieleza kwa ajili ya dada mmoja wa Kizanzibari aliyekuja kunitazama pale Mayfair. Mumewe aliuawa na gari njiani, naye hakudai chochote, kwa kuwa ndoa yao ilikuwa ya nikaha peke yake, haikuandikishwa serikalini. Mtu alimwambia kwa sheria ya kule yeye si mke. Wallahi nilisikitika, maana jibu lilikuwepo tangu 1999. Mjane mmoja wa Kiislamu wa Durban alishindwa mahakamani kwa sababu hiyohiyo, akakata rufaa Bloemfontein, na Jaji Mkuu Ismail Mahomed akaamua kwamba mume aliyefungwa na nikaha ana wajibu wa kumlisha mkewe, na wajibu huo sheria itaulinda. Kesi ni Amod. Mjane na watoto wanaweza kudai matunzo waliyoyapoteza, na gharama za mazishi pia. Dada yule muda wake ulikuwa umepita miezi minne. Aliniuliza mara mbili, "Minne tu, mwalimu?" Sikuwa na la kumwambia.

Treni ni mlango mwingine. RAF ni ya magari, haihusiki na reli. Ukiumia ndani ya treni za Metrorail unalidai shirika lenyewe la reli, PRASA, mahakamani. Siku ya kwanza ya mwaka 2011 abiria mmoja wa Pretoria aliibiwa kisha akatupwa nje ya treni inayokwenda, milango ikiwa wazi, akakatwa mguu. Alishinda, akashindwa kwenye rufaa, kisha Novemba 2015 Mahakama ya Katiba ikamrudishia ushindi: treni isiende na milango wazi. Hiyo ni kesi ya Mashongwa. Wezi hawakuwa wa shirika, lakini mlango ulikuwa wa shirika.

Nirudi kwa mawakili, maana hapo ndipo nilipoungua. Wakili si lazima. Dai unaweza kulipeleka mwenyewe kwa Mfuko bila kulipa mtu. Jeraha likiwa kubwa, mimi nasema tafuta wakili, ila umtafute wewe, asikutafute yeye wodini. Kutuma watu hospitalini kuvua wagonjwa kumekatazwa na kanuni zao. Wakili wa kulipwa mkishinda lazima akupe mkataba wa maandishi, na nyongeza yake ya ushindi haiwezi kuzidi robo ya pesa ulizolipwa. Ukishatia sahihi una siku 14 za kubadilisha mawazo. Siku 14! Mimi nilikuwa bado kitandani, na nakala ya nilichosaini sikupewa.

Tuliandika barua ya kumuondoa yule wa kwanza, tukaandika na kwa Legal Practice Council, chombo kinachosimamia mawakili. Faili lilipopatikana lilikuwa na karatasi tatu, moja ikiwa ya jina langu limeandikwa vibaya. Wakili wa pili ni mama wa makamo aliyetuambia kitu cha kwanza: "Msitarajie haraka." Akatueleza kwamba Gauteng kesi za madai zilikuwa zikipewa tarehe za mpaka mwaka 2031, nyingi katika hizo zikiwa za RAF, mpaka Aprili 2025 Jaji Kiongozi Dunstan Mlambo akaagiza watu wapite kwanza kwenye usuluhishi kabla ya kupewa siku ya kesi. Nilipiga hesabu ya umri wangu mwaka 2031. Sikumwambia binti yangu jibu.

Dai letu lilipokelewa miezi kumi kabla ya miaka mitatu kutimia, nakala yetu ikapigwa muhuri, na binti yangu akanitumia picha yake usiku huohuo. Sheria inaupa Mfuko siku 120 za kulichunguza kabla hatujaruhusiwa kufungua kesi. Nimezihesabu kwenye kalenda ya jikoni. Zinakwisha mwezi ujao, siku ya Jumatano, na kaka yangu wa Maskati atapiga simu Ijumaa yake.