Kusomea hoteli: yapi ya kweli, yapi ya uongo?

Kijana wa Rutshuru akipata diploma ya serikali na kutangaza kwamba anataka kusomea usimamizi wa hoteli, kikao cha familia hakichelewi. Baba mdogo anauliza kama sheria na udaktari vimekwisha chuoni. Shangazi anauliza watalii wenyewe wako wapi. Haya ndiyo maneno sita yanayorudiwa zaidi, na hukumu ya kila moja.

1. «Ukarimu tumezaliwa nao, hausomewi.»

UONGO. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hoteli inamtaka mgeni huyo akae hata siku thelathini, alipe, kisha awaite na wenzake. Hapo moyo mwema hautoshi, hesabu inaingia.

Chukua hoteli mbili zenye vyumba 20 kila moja. Ya kwanza imeuza vyote kwa dola 25, ikaingiza dola 500. Ya pili imeuza 12 tu kwa dola 50, ikaingiza 600, tena kwa mashuka machache ya kufua na sabuni kidogo. Mpita njia ataisifu ile iliyojaa. Aliyesoma ataigawa pesa kwa vyumba vyote, vilivyolaliwa na visivyolaliwa: dola 25 kwa 30. Na anajua kwamba chumba kilicholala tupu leo hakiuzwi tena kesho, tofauti na gunia la maharage unaloweza kuliweka likangoja bei.

Elimu hii si ya jana. Shule ya hoteli ya Lausanne, Uswisi, ilianza 1893.

2. «Bila amani, utalii haupo.»

KWELI, na chuo kinachoficha jambo hili kinawadanganya wanafunzi. Hifadhi ya Virunga iliundwa 1925, ikaingia katika Urithi wa Dunia 1979, na 1994 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Makao yake makuu ni Rumangabo, humu humu Rutshuru, na hapo ndipo ilipojengwa Mikeno Lodge. Utalii ulifunguliwa tena 2014 baada ya vita. Mei 2018 ukasimamishwa, baada ya askari wa hifadhi kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa. Ukarudi 2019, korona ikaufunga Machi 2020, Nyiragongo ikalipuka Mei 2021. Oktoba 2022 vita vikafika Rutshuru-centre na Kiwanja.

3. «Basi diploma hiyo ni karatasi tu.»

UONGO. Hata miaka ya utulivu, hoteli za Goma hazikuishi kwa watalii peke yao. Zimeishi kwa semina, harusi, wafanyabiashara na wafanyakazi wa mashirika. Kweli, Januari 2025 waasi wa M23 walipoushika mji huo, benki na uwanja wa ndege vilifungwa, na wageni hao pia wakapungua. Lakini ujuzi haukai ndani ya jengo la hoteli. Anayejua kulisha watu 300 kwa saa moja anahitajika hospitalini, shule ya bweni na kwenye kambi ya wafanyakazi. Anajua kutunza stoo: kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Anajua kwamba samaki wa Vitshumbi asiachwe kati ya nyuzi 5 na 60 za joto, maana hapo vijidudu huzaliana haraka; basi umeme ukikatika anajua cha kupika upesi na cha kutupa.

4. «Msichana akisomea hoteli ataharibika.»

UONGO, ingawa hofu ya mzazi ina sababu: usumbufu wa wageni na wakubwa wa kazi upo. Dawa yake ni usimamizi bora. Mhudumu asafishe chumba mlango ukiwa wazi, kigari cha vifaa kikiwa kizingitini. Asilazimishwe kuingia mgeni akiwa ndani. Aliye na zamu ya usiku apewe usafiri wa kumfikisha nyumbani. Wasichana wakisoma hadi kuwa mameneja, ndio watakaoziandika kanuni hizo na kuzisimamia.

5. «Shule ya maana iko Ulaya.»

UONGO. Goma kuna ISTou, taasisi ya juu ya utalii. Chuo cha Utalii cha Nairobi kimefundisha tangu 1975, na Zanzibar kuna mafunzo hayo katika chuo kikuu cha SUZA. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, kwa hiyo macho yafike mbali kuliko mpaka wa Bunagana. Ila ukitaka kuvuka, Kifaransa peke yake hakitakufikisha. Mapokezi ya Kampala au Nairobi yanafanya kazi kwa Kiingereza. Kiswahili unacho tayari, na mwajiri wa pwani atakithamini.

6. «Ukimaliza lisansi unaketi ofisini.»

UONGO. Miaka mitatu ya mfumo wa LMD itakupa msingi, kiti hakimo. Wengi huanzia mapokezi, mara nyingi zamu ya usiku, na hapo hapo hujifunza mengi. Usiku wageni wakilala, mtu wa zamu hufunga hesabu za siku: vyumba vilivyouzwa, soda zilizonywewa, deni la chumba namba 7. Meneja asiyewahi kufanya zamu hiyo huibiwa bila kujua.

Kabla ya kulipa ada ya masomo

Mzazi na kijana, nendeni chuoni pamoja mkaulize mambo matatu. Kuna jiko na chumba cha mazoezi, au ni ubao na chaki tu? Staji ni ya miezi mingapi, na hoteli zipi zimewapokea wanafunzi mwaka uliopita? Kiingereza na uhasibu vina saa ngapi kwa wiki? Wakijibu kwa kuonyesha, jiandikisheni. Wakijibu kwa picha za gorila ukutani, tafuteni chuo kingine.