Matthew Perry, Ray C na swali la msomaji wa Kidatu

Wiki mbili zilizopita nilikueleza kwa kifupi kuhusu kitabu cha mchekeshaji wa Marekani, Matthew Perry, yule Chandler wa tamthilia ya Friends. Kitabu kilitoka Novemba 2022. Humo anasimulia bila kujificha jinsi alivyoanza pombe akiwa na miaka 14, jinsi vidonge vya maumivu alivyopewa baada ya ajali vilivyomfikisha kumeza 55 kwa siku, na jinsi utumbo wake mpana ulivyopasuka mwaka 2018 kwa sababu ya dawa hizo. Nilidhani ni habari ya mbali. Meseji zilizokuja zimenishangaza, na nyingi zimetoka bonde la Kilombero: Ifakara, Mang'ula, Mkamba na hasa Kidatu.

Maoni yenu yamegawanyika. Wapo waliosema huyo ni tajiri aliyeuza aibu yake ili aongeze hela. Baba mmoja ameuliza kwa nini tumhurumie mtu aliyelipwa mamilioni ya dola, wakati mwanawe ameingia kwenye unga akiwa hana hata nauli. Wachache wameshukuru, kwamba kwa mara ya kwanza wamesikia mtu maarufu akiutaja ulevi kuwa ugonjwa. Kundi kubwa zaidi limeandika jambo moja: kama yeye mwenye hela na madaktari alifariki Oktoba 28, 2023, na uchunguzi ukakuta ketamini ndiyo chanzo kikuu, basi hakuna anayeacha.

Hilo la mwisho sikubaliani nalo. Pombe na dawa za kulevya zikitumika muda mrefu hubadilisha namna ubongo unavyofanya kazi, na mabadiliko hayo hayafutiki kwa wiki ya kujizuia. Mgonjwa wa presha akiacha vidonge presha ikapanda, hatusemi matibabu ya presha ni uongo. Tunamrudisha kliniki. Mraibu akianguka tunamwambia alikuwa anatudanganya tangu mwanzo. Perry alikaa miezi mingi bila kutumia, akaanguka, akarudi matibabu, na ni yeye mwenyewe aliyeandika hivyo. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui: mtu aliyekaa muda bila heroini mwili wake husahau kiasi alichozoea, na akirudia kipimo kile cha zamani kinaweza kumuua.

Hapa kwetu tulikuwa na Ray C. Mwaka 2012 Rehema Chalamila alikiri hadharani kuwa anatumia heroini, na mwishoni mwa mwaka huo akaenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu. Nakumbuka vijiwe vilivyomcheka. Lakini nakumbuka pia kwamba watu ambao hawakuwahi kusikia neno methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, walilisikia kwa sababu yake. (Kwa mlioniuliza: methadoni ni ya watumiaji wa heroini na dawa za jamii hiyo. Haitibu ulevi wa pombe.)

Sasa nije kwenye meseji iliyonifanya niache mada niliyokuwa nimeipanga leo. Dada mmoja wa Kidatu ameandika kuhusu kaka yake, mkata miwa. Asubuhi kabla ya kwenda shambani lazima apate gongo, la sivyo panga linatetemeka mkononi. Familia imekaa kikao. Wameamua wamfungie chumbani siku saba, kufuli nje, chakula kipitie dirishani, ili arosto imtoke. Anauliza kama wampe soda na glukosi ili apate nguvu.

Dada yangu, msimfungie.

Arosto ya heroini inatesa vibaya, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua yenyewe. Ya pombe inaua. Mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia baada ya glasi ya kwanza ni dalili kwamba ubongo umeshazoea kuishi ndani ya pombe. Ukiikata ghafla, ubongo unabaki umewaka kama injini isiyo na breki. Ndani ya saa 6 hadi 24 huja jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo, joto la mwili likapanda. Familia nyingi hapo hudhani amerogwa. Aliyefungiwa peke yake katika hali hiyo anaweza kufa wakati ninyi mko sebuleni mkisubiri siku ya saba.

Mpelekeni hospitali kabla hajaacha. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mnaijua, na hata kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumwona kwanza na kuwapa rufaa. Huko hupewa dawa za kutuliza ubongo ambazo hupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Kuhusu glukosi uliyouliza, subirini: mlevi wa muda mrefu huwa hana vitamini hiyo ya kutosha, na sukari nyingi kabla ya kuipata inaweza kumdhuru ubongo. Na jambo ambalo ni gumu kulisikia kwa mwandishi wa afya: mpaka siku mtakapofika kwa daktari, msimnyime pombe ghafla. Akipata degedege au akianza kuweweseka, msisubiri kuche.

Akitoka hospitali ndipo safari inaanza. Atahitaji ushauri nasaha, na pengine nyumba ya upataji nafuu. Kwa mambo ya dawa za kulevya, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.

Mkifika kwa daktari, dada, usiseme "anakunywa kidogo" kwa kumfichia kaka yako aibu. Taja anakunywa nini, chupa ngapi kwa siku, tangu mwaka gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kisha niandikie tena.