Utangulizi: Jenerali Mathews na Askari wa Sultani

Tuanze na Lloyd William Mathews. Alizaliwa Madeira mwaka 1850, akaingia jeshi la majini la Uingereza mwaka 1863, na mwaka 1875 akafika Unguja na manowari London, iliyokuwa ikisaka majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimpa kazi ya kumuundia jeshi la mtindo wa Kizungu.

Barghash alikuwa na haja nalo. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, na amri kama hiyo haifiki mbali bila watu wa kuisimamia. Wabulushi na Waarabu wenye silaha alikuwa nao tangu zamani. Mathews aliandikisha Waafrika, akawafunza gwaride. Wakaanza mamia, baadaye wakapita elfu.

Vitabu vingi humsifu kwa kumnasa Hindi bin Khattam, mfanyabiashara wa watumwa, mwaka 1881, baada ya Kapteni Brownrigg wa manowari London kuuawa karibu na Pemba. Kwangu mimi, mwaka mzito zaidi ni 1891. Zanzibar ilikwisha kuwa chini ya himaya ya Uingereza, na jenerali akafanywa waziri mkuu ambaye Sultani hakuweza kumwondoa. Nguvu iliyojengwa ili kumwimarisha Sultani ikawa mikononi mwa waliomdhibiti.

Ndipo tunafika 27 Agosti 1896. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza, alikuwa ndani ya jumba la kifalme, akilindwa na walinzi wa Kapteni Saleh, raia na watumwa waliopewa silaha. Nje, askari wa Zanzibar wapatao 900 waliongozwa na Raikes, Mwingereza mwingine, upande wa Waingereza. Manowari zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Watu kama 500 wa upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa. Wazanzibari walishika bunduki pande zote mbili, na hilo ndilo linalonivuta katika uwanja huu kuliko jenerali mwenyewe. Kila mmoja wao alimtii nani, na kwa nini?

Mathews alifariki Unguja Oktoba 1901, akazikwa nje kidogo ya mji. Anayetaka kuendelea aende Nyaraka za Taifa, Kilimani. Barua za ubalozi wa Uingereza ziko huko, nyingine kwa Kiarabu, na anayesoma lugha zote mbili ataweza kuuliza habari za askari ambao vitabu havikuwataja kwa majina.